Je, mfumo wa kuongozea njia unaofungwa kiwandani unastahili gharama yake, au simu na kifaa cha kubandika kwenye kioo vinatosha?

Mleta mada

Ndugu wadau, nawasalimu. Nimo mbioni kubadilisha gari, na katika orodha ya nyongeza ambazo mnunuzi huulizwa kama anazitaka, moja imeniweka mezani na kalamu jioni mbili mfululizo, nayo ni mfumo wa kuongozea njia uliofungwa ndani ya dashibodi tangu kiwandani. Bei yake ni mara kadhaa ya bei ya kifaa kizuri cha kubandika kwenye kioo, yaani kile kidogo chenye skrini na ramani yake chenyewe, na simu iliyomo mfukoni mwangu inafanya kazi hiyohiyo bila kunidai zaidi ya data. Nimewahi kumiliki gari lenye mfumo wa kiwandani kwa miaka saba, kabla ya hapo nilikuwa na kifaa cha kubandika, na sasa natumia simu, kwa hiyo siandiki kama mtu asiye na msimamo. Nauweka msimamo huo wazi tangu mwanzo, kisha nitawaomba wenye hoja za kuupinga wazilete.

Gari likitunzwa hufikisha miaka kumi na tano barabarani, na mengine hupita hapo. Ramani huanza kuchakaa siku ileile inapotoka mikononi mwa watayarishaji, kwa sababu barabara hazikomi kujengwa, kufungwa na kubadilishwa mwelekeo. Anayenunua mfumo wa kiwandani anachukua kitu kinachochakaa upesi na kukifunga kwa skrubu ndani ya kitu kinachochakaa polepole, na gharama ya kuviweka viwili hivyo sawasawa haiandikwi kwenye hati ya mauzo. Huja kujulikana mwaka wa tatu au wa nne.

Mimi niliijua mwaka wa nne, nikiwa juu ya daraja. Lilikuwa limefunguliwa muda si mrefu na ramani ya gari langu haikulitambua, hivyo kwenye skrini alama ya gari ilionekana ikikata katikati ya mto huku sauti ikinitaka nigeuze kila mara. Nililivuka daraja hilo kila siku ya kazi kwa zaidi ya mwaka mzima nikiwa nimeizima sauti. Nilipoulizia ramani mpya, niliambiwa kwamba inauzwa katika diski, kwamba bei yake inakaribia bei ya kifaa kipya cha kubandika, na kwamba taarifa zilizomo katika toleo lililopo zilikusanywa zaidi ya mwaka mmoja uliopita. Nikalipa. Daraja lilikuwemo, lakini makutano mawili mapya ya karibu na ninapoishi hayakuwemo, na nikaelewa kwamba nilichokinunua ni picha ya zamani kidogo badala ya picha ya zamani sana.

Tukikichambua tunachouziwa, mawimbi ya setilaiti si mali ya mtengenezaji wa gari. Setilaiti ya kwanza ya GPS ilirushwa na Marekani mwaka 1978 kwa mahitaji ya jeshi, mfumo mzima ukatangazwa kukamilika mwaka 1995, na mpaka Mei 2000 mawimbi yaliyoachiwa raia yalivurugwa kwa makusudi, kiasi kwamba kosa liliweza kufika mita 100. Rais Bill Clinton alipoamuru uvurugaji huo ukome, vifaa vya raia vikawa sahihi zaidi usiku mmoja, vya bei kubwa na vya bei ndogo pamoja. Leo ipo pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Umoja wa Ulaya na BeiDou ya China, na simu nyingi zinazouzwa sasa hupokea zaidi ya mfumo mmoja. Simu ya kawaida ikiwa mahali pa wazi hukosea kwa takriban mita 5, na kwa dereva anayetafuta barabara kiasi hicho hakina neno. Kinachobaki cha kulipia ni antena, vihisi, skrini na ramani, na katika hivyo vinne ni ramani peke yake inayopoteza thamani kwa kasi niliyoieleza.

Swali langu ni hili: yupo miongoni mwenu aliyeutumia mfumo wa kiwandani kwa miaka mingi na ambaye angeulipia tena kwa hiari yake? Ulimpa nini ambacho simu au kifaa cha kubandika kisingeweza kumpa?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, mimi ningeulipia tena, na nitaeleza kwa nini. Kazi yangu ni udereva wa masafa marefu na wa mjini pia, na umenena kweli kuhusu ramani na kuhusu setilaiti, ila neno "vihisi" umelipita kama mtu anayepita kituo asichoshuka. Mimi ndipo ninaposhuka.

Ingia kwenye handaki refu linalogawanyika katikati, njia moja ikienda kushoto na nyingine kulia, wakati mawimbi ya setilaiti yamekatika tangu ulipopita mdomo wa handaki. Simu iliyo kwenye kishikizo haina tena cha kusikiliza, kwa hiyo hukisia kwamba unaendelea kwa mwendo uleule uliokuwa nao, na ukikamatwa na foleni ndani humo, mshale wa simu unaweza kutangulia mbele yako kilomita nzima au ukaganda pale ulipoingilia. Mfumo wa kiwandani hauhitaji kukisia. Umeunganishwa na vihisi vya magurudumu, vilevile ambavyo breki za ABS hutumia kujua kama gurudumu limefunga, na kwa kuhesabu mizunguko yake unajua umesogea mita ngapi. Una pia jairoskopu iliyofungwa imara kwenye mwili wa gari inayopima umepinda kwa nyuzi ngapi. Ukijua umbali na ukajua mpindo, unajua ulipo, kisha ramani inakurudisha kwenye mstari wa barabara makosa madogomadogo yanapoanza kujikusanya.

Maarifa haya ni ya zamani kuliko GPS ya raia. Mwaka 1981 Honda ilitoa nchini Japani chombo kilichoitwa Electro Gyrocator, ambacho hakikutumia setilaiti hata moja, bali jairoskopu ya gesi na kipimo cha umbali, na dereva alibadilisha karatasi angavu za ramani mbele ya skrini ndogo. Mwaka 1985 kampuni ya Etak ya Marekani ikaleta chombo kilichosoma ramani kutoka kwenye kaseti na kumfuata dereva kwa dira na vihisi vya magurudumu. GPS ndani ya gari la kuuzwa ilikuja mwaka 1990 na Eunos Cosmo ya Mazda. Kwa hiyo magari yalijifunza kwanza kujua yalipo kwa miguu yao wenyewe, na setilaiti zikaja kuyasahihisha. Simu ilianzia upande wa pili, na mpaka leo inategemea macho kuliko miguu.

Mahandaki hayako kila mahali, nakubali. Lakini maegesho ya chini ya ardhi yapo, barabara zilizopita moja juu ya nyingine zipo, na mitaa iliyobanwa na majengo marefu ipo, ambako mawimbi hugonga ukuta kwanza na kumfikia mpokeaji yamechelewa, na simu ikadhani uko mtaa wa pili. Pale ambapo barabara ya juu na ya chini zimefuatana kwa kilomita kadhaa, kosa la mita 5 si dogo tena, kwa sababu swali si uko wapi bali uko ghorofa gani.

Jambo la mwisho ni antena. Ya gari iko juu ya paa, na anga lote liko wazi juu yake. Ya simu iko nyuma ya kioo cha mbele, na baadhi ya vioo vya siku hizi vimepakwa utando mwembamba wa madini wa kupunguza joto la jua, ambao hupunguza pia mawimbi. Watengenezaji wengi huacha kipande kisichopakwa karibu na kioo cha kutazamia nyuma, na anayetumia kifaa cha kubandika kwenye gari la namna hiyo akipajua mahali hapo atajiepusha na usumbufu mwingi.

Mchangiaji wa pili

Naomba nikitetee kifaa cha kubandika, kwa sababu naona mjadala umekuwa wa gari na simu tu, kana kwamba kifaa hicho kilikwisha kufa. Kweli kilipata pigo mwishoni mwa mwaka 2009, pale Google ilipoanza kutoa uongozaji wa njia bure kwenye simu za Android, na kampuni zilizokuwa zikiishi kwa kazi hiyo, kama TomTom na Garmin, zikaona thamani ya hisa zao ikishuka siku hiyohiyo. Hata hivyo bado kinauzwa, na sababu zipo.

Kifaa hiki kina kazi moja. Hakipokei simu katikati ya maelekezo, hakimalizi chaji kwa sababu ya ujumbe, na hakikuomba data tangu siku ulipokinunua, kwa maana ramani yote imo ndani yake. Simu iliyowekwa kwenye kishikizo mchana wa jua kali inafanya kazi tatu kwa wakati mmoja, yaani kuwasha skrini kwa mwanga wa juu kabisa, kupokea mawimbi na kujichaji, na zote tatu huzalisha joto. Apple yenyewe inaelekeza kwamba iPhone itumike mahali ambapo joto halizidi nyuzi 35, na nyuma ya kioo cha gari lililosimama juani joto hupita hapo bila taabu. Simu ikishapata joto mno, hupunguza mwanga, husitisha kuchaji, na mwishowe hujifungia isitumike mpaka ipoe. Imenitokea kwenye makutano ya njia tano, nikabaki na skrini inayonionya kuhusu joto wakati nilichohitaji ni kujua njia ya pili au ya tatu.

Onyo moja kwa wanunuzi. Vifaa vingi vimeandikwa kwamba ramani zake zitasasishwa bure "maisha yote". Someni maelezo ya chini, kwa sababu maisha yanayotajwa ni ya kifaa, na anayeamua kwamba kifaa kimefikia mwisho wa maisha ni mtengenezaji mwenyewe. Hata hivyo, siku hiyo ikifika unakibandua na kubandika kingine, na gari lako halijaguswa.

Mleta mada

Nawashukuru nyote wawili. Dereva mwenzetu amenisahihisha mahali nilipopita haraka, na ninakiri kwamba hoja ya vihisi sikuwa nimeipa uzito wake. Nitairudia.

Kwa mchangiaji wa pili, nakubaliana na hoja ya joto, ila kuhusu data ningependa tuweke jambo moja sawa, maana nimewasikia watu wengi wakisema kwamba simu bila intaneti haiwezi kuonyesha njia. Kupokea GPS hakuhitaji intaneti hata kidogo. Setilaiti zinazunguka kwenye kimo cha takriban kilomita 20,200, zinatangaza muda na mahali zilipo, na mpokeaji akizisikia nne anajua alipo bila yeye kutuma neno lolote. Intaneti inasaidia mambo mawili. La kwanza ni kuharakisha mwanzo, kwa sababu matangazo ya setilaiti huenda taratibu mno, biti 50 tu kwa sekunde: taarifa za setilaiti moja huchukua nusu dakika kupokelewa, na orodha ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu, wakati mtandao wa simu huzileta papo hapo. La pili ni ramani na hali ya foleni. Ramani unaweza kuipakua kabla ya safari. Zipo programu zinazotumia ramani za OpenStreetMap, mradi wa kujitolea ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, ambazo huhifadhi nchi nzima ndani ya simu na kupanga njia bila mtandao. Hata Google Maps inaruhusu eneo lipakuliwe, ingawa ramani hizo zina muda wa kuisha na ni lazima zisasishwe.

Foleni ndiyo haiwezi kupakuliwa, na hapo ndipo mfumo wangu wa zamani wa kiwandani uliponiacha mbali zaidi. Ulipokea taarifa za barabara kupitia mawimbi ya redio ya FM, ukanijulisha ajali ambayo magari yake yalikuwa yamekwisha kuondolewa. Simu hujua foleni kutokana na mwendo wa simu nyingine zilizomo ndani ya foleni hiyohiyo, na tofauti ya ubora ni kubwa.

Mchangiaji wa tatu

Ninyi nyote mnazungumzia gari la mafuta. Ninaendesha gari la umeme, na kwa gari la namna hiyo hesabu hubadilika kabisa, kiasi kwamba ningemshauri mtu asilinunue bila mfumo wake wa kiwandani.

Ukiwa na gari la mafuta, njia na tangi ni mambo mawili yasiyohusiana sana, kwa kuwa mafuta hujazwa kwa dakika chache. Kwa gari la umeme, njia ni betri na betri ni njia. Mfumo wa kiwandani unajua betri imebaki na kiasi gani wakati huu, gari lina desturi ya kula kiasi gani kwa kilomita, na mlima ulioko mbele utakula kiasi gani, kisha unakupangia usimame wapi na kwa muda gani. Kubwa kuliko yote, betri iliyo baridi haikubali chaji ya kasi. Ukiuambia mfumo wa gari kwamba unakwenda kwenye kituo fulani cha kuchaji kwa kasi, magari mengi huanza kuipasha betri joto kabla hujafika, ili ukifika ipokee umeme kwa nguvu yake yote. Ukifika kituo hichohicho kwa kuongozwa na simu, gari halina habari kwamba unakwenda kuchaji, na asubuhi ya baridi unaweza kukaa hapo muda mrefu zaidi bila sababu nyingine yoyote. Nimejaribu yote mawili katika kituo kimoja, katika wiki moja ya baridi, na sijarudia la simu.

Programu za simu zimeanza kusoma hali ya betri katika baadhi ya magari, nalo ni jambo jema, lakini ni baadhi tu. Na wapo watengenezaji wanaokwenda upande wa pili. Tesla kwa miaka mingi hawakuweka CarPlay wala Android Auto, yaani mifumo ya Apple na Google inayoleta programu za simu kwenye skrini ya gari, na General Motors walitangaza mwaka 2023 kwamba magari yao mapya ya umeme hayatakuwa na mifumo hiyo. Kwa mnunuzi wa magari hayo swali la mada hii limekwisha kujibiwa na kiwanda.

Mchangiaji wa nne

Mimi ni fundi wa umeme wa magari, na ninayaona magari haya yakiwa na miaka minane, kumi, kumi na miwili, wakati muuzaji wa kwanza hakumbuki hata rangi yake. Kwa hiyo nitasema kuhusu uzee, ambao mleta mada ameugusa kwenye ramani tu. Ramani si kitu pekee kinachozeeka.

Kwanza, hesabu ya tarehe. GPS huhesabu wiki kwa namba ya biti 10, ambayo hufika 1,023 kisha hurudi sifuri, na hilo hutokea kila baada ya miaka 19 na ziada. Lilitokea Agosti 1999, likatokea tena Aprili 2019. Kifaa ambacho programu yake haikuandaliwa vizuri huamini kwamba kimerudi nyuma karibu miaka ishirini, na si lazima iwe siku ileile, kwa sababu kila mtengenezaji anaweza kuwa ameanza kuhesabu kutoka tarehe yake. Januari 2022 saa za baadhi ya magari ya Honda na Acura ziliruka zikaonyesha mwaka 2002. Simu husahihishwa kwa programu mpya usiku ukiwa umelala. Chombo cha dashibodi cha mwaka 2008 kinamsubiri mtu ambaye huenda hayupo tena kazini.

Pili, mtandao. Mifumo mingi ya kiwandani iliyosifiwa kwamba "imeunganishwa" ilikuwa na modemu ya 3G ndani yake, yaani chombo kinachoiunganisha na mtandao wa simu. Mwaka 2022 kampuni kubwa za simu za Marekani zilizima 3G, na magari mengi ambayo modemu zake hazikubadilishwa yakapoteza huduma hizo moja kwa moja, ingawa injini na gia zilikuwa na miaka mingi ya kazi mbele yao. Ukinunua leo gari lenye modemu ya 4G au 5G, uliza modemu hiyo inabadilishwaje, na huduma imelipiwa kwa miaka mingapi. Katika magari mengi, baada ya miaka michache ya mwanzo unaanza kudaiwa ada.

Tatu, mipaka. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani likiuzwa nchi nyingine huja na mfumo mzuri kabisa, wenye skrini safi, unaoijua Japani mtaa kwa mtaa na usiojua kitu kingine, tena kwa maandishi ya Kijapani. Baadhi ya vyombo hivyo, betri ikitolewa tu, hudai namba ya siri ambayo mwenye gari hana, na hapo hata redio haiwaki. Nimeving'oa vingi. Kila nikiking'oa nafikiri juu ya mtu wa kwanza aliyelipa fedha nyingi ili kiwekwe.

Nne, na hili ndilo linaloniuma kama fundi, chombo hicho siku hizi si ramani pekee. Mipangilio ya kiyoyozi, kamera ya nyuma na hata taa zimepitishwa humo. Sehemu ya ramani ikifa huwezi kuikata ukaacha nyingine.

Mchangiaji wa tano

Naongeza dogo kuhusu usalama. Kifaa kikibandikwa katikati ya kioo huziba mahali ambapo mtembea kwa miguu hutokea, na kikibandikwa juu ya kifuniko cha mfuko wa hewa huwa jiwe siku mfuko utakapofunguka. Kibandikwe chini, pembeni, upande wa dereva. Anwani iandikwe gari likiwa limesimama, na nchi nyingi zinakataza kabisa kuishika simu mkononi wakati wa kuendesha. Ukiondoka, ondoka na kifaa, na ufute alama ya mviringo iliyobaki kwenye kioo, kwa sababu mwizi akiiona alama hiyo hudhani kifaa kimefichwa chini ya kiti. Na anayeuza gari lenye mfumo wa kiwandani afute kwanza anwani ya nyumbani iliyohifadhiwa ndani yake.

Mchangiaji wa kwanza

Fundi amesema kweli na sina la kumpinga juu ya uzee. Nauliza tu: kama ramani ndiyo inayozeeka na vihisi havizeeki, kwa nini tuuziwe viwili hivyo vikiwa vimefungwa pamoja?

Mleta mada

Swali lako hilo ndilo lililonitoa nyumbani Jumamosi.

Nilikuwa nimepunguza orodha hadi magari mawili, yote ya mafuta, yote bila mfumo wa kiwandani wa kuongozea njia, lakini yote yakiwa na skrini inayopokea simu kwa kebo. Nilifahamu kwamba CarPlay na Android Auto huiruhusu simu ipewe na gari mahali lilipo na mwendo wake, ikiwa mtengenezaji amekubali kuutoa, ila hakuna kijitabu cha mauzo kilichonieleza ni nani amekubali. Muuzaji wa kwanza hakujua, na wa pili alinijibu haraka mno kiasi kwamba sikumwamini. Nikaomba kuendesha magari yote mawili, na mara zote nikashuka nayo kwenye maegesho ya chini ya ardhi yenye ghorofa tatu, simu ikiwa imeunganishwa na safari ikiwa imewashwa.

Katika gari la kwanza mshale uliganda mlangoni, ukabaki pale mpaka nilipotoka upande wa pili wa jengo, kisha ukaruka mtaa mzima kunifuata. Katika gari la pili mshale ulishuka nami, ukapinda nilipopinda, ukasimama niliposimama. Nilichomoa kebo kwenye ghorofa ya pili ili nihakikishe, na simu ilipobaki peke yake mshale ukaganda palepale. Nilipoirudisha kebo, ukaanza tena kusogea. Miguu ilikuwa ya gari na ramani ilikuwa ya simu, wala sikulipia ramani ya kiwandani.

Dereva mwenzangu, kwa hiyo vinaweza kutenganishwa, angalau katika baadhi ya magari, na jaribio la kulijua hilo ni la robo saa. Kwa mwenye gari la umeme, mchangiaji wa tatu amenishawishi kwamba mfumo wa kiwandani unastahili kulipiwa, na kama siku moja nitanunua gari hilo nitaanza na swali lake la kupasha betri joto. Kwa gari la mafuta nimechukua lile la pili, na nimeongeza kishikizo kinachokaa mbele ya tundu la kiyoyozi ili simu ipate hewa baridi badala ya jua. Ramani za eneo ninalosafiri zimo ndani ya simu, kwa siku ambayo mtandao hautakuwepo.

Fundi, nilimwuliza muuzaji skrini hiyo ikifa itabadilishwaje bila kugusa kiyoyozi. Ameahidi kuniletea jibu la maandishi, na likifika nitaliweka hapa.